Maji Kwenye Buti Yanakula Mtaji: Namna ya Kutafuta Yanapoingilia na Kuyaziba

Leo siongelei namna ya kupiga picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayesema "nifanyie bei ya dada yako". Naongelea buti la gari. Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuna fremu wala stoo. Stoo ni chumbani, na nusu ya mzigo unashinda kwenye gari, unaenda na kurudi nao. Buti likivuja, stoo inavuja, ila hulioni paa lake.

Mimi nauza mashuka, taulo na mapazia. Mzigo nachukua Kariakoo, natembelea IST ya zamani niliyoinunua mkononi kwa mtu. Mwaka huu mwezi wa nne, masika yamekolea, mama mmoja katibu wa kamati ya kichenpati akaniagiza seti 8 za mashuka. Seti moja nilimuuzia shilingi 55,000, mimi nilinunua kwa 43,000. Nikaufuata mzigo Alhamisi jioni, nikaona hakuna haja ya kuupandisha ndani kwa sababu alfajiri naupeleka. Nikaulaza kwenye buti. Usiku mvua ikapiga ile ya Dar, ya kuamkia madimbwi.

Asubuhi nikafungua buti, juu pakavu kabisa. Nikapeleka, nikalipwa, nikashukuru Mungu. Saa nane mchana ikaingia picha WhatsApp. Seti tatu za chini, upande mmoja, zimelowa na zina doa la kahawia kama chai. Kutu. Chini ya picha ameandika: "Mwanangu, hizi ndizo nikampe bibi harusi?"

Nilirudisha 165,000 siku ileile. Piga hesabu uone. Seti tano zilizobaki zilinipa faida ya 60,000, tatu zilizoharibika nilizinunua kwa 129,000. Oda nzima nikatoka na hasara ya 69,000, bado mafuta. Na huyu ni mama wa kamati, ana makundi matano ya WhatsApp. Hilo ndilo lililoninyima usingizi zaidi ya pesa.

Sasa kosa langu la pili lilikuwa kukimbilia fundi kabla sijajua ninachotaka akitengeneze. Fundi wa kwanza aliangalia nusu dakika, akasema, "Raba imechoka, dada," akazungushia silikoni mlango mzima wa nyuma, akachukua 30,000. Wiki moja baadaye maji yapo. Fundi wa pili akabadilisha raba, akaweka ya mtumba, 45,000. Mvua iliyofuata maji yapo tena, tena upande uleule wa kushoto. Nimeshatumia 75,000 na mzigo bado naubeba kwenye mifuko mitatumitatu kama nahama.

Aliyenisaidia ni mzee jirani yetu, zamani alikuwa fundi bodi. Hakuligusa gari. Aliniuliza tu, "Maji umeyaona yakiingia, au umeyaona yamekaa?" Nikasema yamekaa. Akasema, "Basi hujui yanapoingilia. Maji yanateremka ndani ya bati mpaka yapate pa chini, ndipo unayakuta." Jumamosi ile tukakaa na gari nusu siku, na tatizo lenyewe likagharimu 22,000 tu. Haya ninayoyaandika ni ya siku ile, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye kwa kusaidia magari ya wenzangu wawili wanaouza viatu na vyombo.

Kwanza hakikisha ni maji ya kuvuja kweli. Usicheke. Mwenzangu wa vyombo tulihangaika na buti lake saa nzima, kumbe alibeba dumu la maji ya kunywa lenye mfuniko uliolegea. Ukibeba samaki, barafu, mboga zilizooshwa au nguo zisizokauka, kapeti italowa bila tundu lolote. Ukiwa na gari lenye waipa ya kioo cha nyuma, jaribu pia kuminya maji ya kuoshea kioo hicho. Mpira mwembamba unaopeleka maji yale hupita ndani ya paa na ndani ya mlango wa nyuma. Unakatika au unachomoka kwenye kiungio, kwa hiyo kila ukiminya, maji yanamwagika ndani badala ya kwenye kioo. Dalili yake ni rahisi: buti linalowa hata kiangazi, na maji yana harufu ya sabuni.

Pili, jiulize linalowa lini. Hapa usipite haraka, maana jibu lake linakupunguzia nusu ya kazi. Kama gari limelala nje kwenye mvua bila kutembea na asubuhi kuna maji, basi maji yanatoka juu: taa za nyuma, raba ya mlango, kioo, paa, antena, maungio ya bati. Kama gari likilala kwenye mvua linabaki kavu, lakini ukitembea kwenye barabara yenye maji linalowa, hayo yanarushwa na tairi au yanatoka chini: vizibo vya sakafu, maungio ya juu ya tairi la nyuma, matundu ya hewa nyuma ya bampa. Waliowahi kupita Jangwani siku ambayo hawakutakiwa kupita wanajua maji ya chini yanavyopanda. Kama linalowa ukienda kuosha gari tu, usihukumu bado. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye raba kwa karibu inaweza kupenyeza maji hata kwenye raba nzima. Mwambie kijana asimame mbali, uone kama bado yanaingia.

Angalia pia umeegesha vipi. Gari langu kwetu nalielekeza pua juu, uwanja una mteremko, na upande wa kushoto uko chini kidogo. Ndiyo maana maji yote yalikusanyika kushoto nyuma. Ukiegesha tofauti siku nyingine na maji yakahama, ujue mahali pa maji hapakuambii kitu kuhusu mlango wake.

Baada ya hapo, toa kila kitu. Naposema kila kitu namaanisha mzigo, kapeti, ubao wa chini, tairi la spea, jeki, na yale maplastiki ya pembeni yanayoficha bati. Maplastiki yanashikwa na vibanio; tumia kitu bapa cha plastiki au bisibisi uliyoifunga kitambaa, vuta taratibu, maana vibanio vya gari la zamani vinakatika kama biskuti. Weka vyote kwenye bakuli. Piga picha kwa simu kila hatua, utanishukuru wakati wa kurudisha.

Shimo la tairi la spea ndipo wengi wanashtuka. Langu lilikuwa na maji kama lita mbili, jeki imeota kutu, na mimi nimekuwa nikiendesha na dimbwi hilo sijui tangu lini. Kapeti ilikuwa imezama pembe moja kwenye maji hayo, ikayanyonya kama utambi wa kibatari na kuyapandisha hadi pale mashuka yalipolala. Juu pakavu, pembeni pamelowa. Siri ya yale mashuka ikajulikana.

Kausha kwa tambara mpaka mkono wako usione unyevu. Kisha, kabla ya kumwaga maji yoyote, chukua tochi ya simu usome bati. Maji yanaacha njia. Utaona mstari wa vumbi lililogandishwa, mchirizi wa kutu, rangi iliyopauka kama njia ya konokono. Fuata mchirizi kwenda juu, siyo chini. Wangu ulianzia nyuma ya taa ya kushoto, lakini juu ya taa kulikuwa na mwingine mwembamba. Mzee akasema tusiamini macho tu, tupime.

Kipimo tulikifanya hivi. Tulilaza viti vya nyuma, mdogo wangu akaingia ndani na tochi, tukafunga mlango wa buti. IST nafasi ya buti imeungana na ya abiria, kwa hiyo alikuwa na hewa na milango ya pembeni haikufungwa kwa loki. Gari lako likiwa la saluni, lenye buti lililojitenga, usimfungie mtu humo hata kwa dakika moja, na mtoto usimwingize kwenye zoezi hili kabisa. Kwa saluni tumia tishu: kata vipande, vibandike kwa tepu chini ya kila mahali unapopashuku, funga, mwaga maji, fungua uone kipi kimelowa. Poda ya mtoto nayo inafaa. Ukiinyunyiza kwenye bati kavu, tone moja likipita linaacha mfereji.

Mimi nikashika mpira wa maji nje. Maji yatoke taratibu, kama mtu anavyomwagilia bustani, siyo kwa presha. Unaanza chini, unapanda. Watu wengi wanakosea hapa. Ukianza na paa, maji yanateremka na kulowesha kila kitu kwa pamoja, na aliye ndani ataona maji asijue ni ya wapi. Ukianza chini ya bampa, ukakaa dakika tano, pakawa pakavu, umeshapafuta. Unapanda kwenye kingo za chini za mlango, dakika tano. Kisha taa. Kisha kioo. Kisha taa ndogo ya breki ya juu. Mwisho paa. Usiwe na haraka, mengine yanachukua muda kufika.

Chini: pakavu. Kingo za mlango: pakavu, yaani ile raba iliyonila 45,000 haikuwa na kosa kubwa. Taa ya kulia: pakavu. Taa ya kushoto, hata dakika mbili hazikuisha, mdogo wangu akapiga kelele, "Dada, linatiririka!" Nikataka kuzima maji nishangilie. Mzee akanikataza. Magari mengi yana tundu zaidi ya moja, ukiziba moja ukaondoka utarudi. Tukaifunika taa ile kwa nailoni na tepu vizuri, tukaendelea kupanda. Tulipofika kwenye maungio ya bati juu ya taa, pale paa linapokutana na ubavu, maji yakaja tena kwa matonematone. Kumbe yalikuwa mawili.

Kabla sijasema tulizibaje, nipitie haraka sehemu nyingine zinazosumbua, maana gari lako siyo langu.

Raba ya mlango wa buti unaipima kwa karatasi. Kata kipande chembamba, kiweke juu ya raba, funga mlango, vuta. Kinatakiwa kikaze. Zunguka mlango mzima, kila kiganja kimoja. Kikitoka kirahisi mahali pamoja tu, mara nyingi kosa siyo raba yote: labda pana uchafu chini yake, labda bati inayoishika imepinda kwa kugongwa na mizigo (sisi ndio tunaogonga), au loki ya mlango imelegea na mlango haukai vizuri. Osha raba kwa maji na sabuni, kausha, pima tena. Usipake vaselini wala grisi, mafuta ya aina hiyo yanaifanya raba ivimbe na kulegea. Ipo dawa ya kupuliza ya silikoni kwa ajili ya raba, hiyo ni sawa.

Matundu ya hewa yako nyuma ya bampa, pembeni. Kazi yake ni kutoa hewa unapofunga mlango. Yana vifuniko vya raba vinavyofunguka upande mmoja. Vifuniko vikikakamaa au fremu yake ikiachia, maji ya tairi yanaingia. Usiyazibe kwa gundi. Yasafishe au badilisha.

Kioo cha nyuma kikivuja kwenye kingo, mpelekee fundi vioo. Hapo usijaribu mwenyewe. Antena, spoila na reli za paa zinashikwa na boliti zilizopita kwenye bati, na kila boliti ni tundu lenye raba ndogo inayozeeka. Waya na vizibo vya sakafu navyo vina raba za duara, ziguse moja moja kama zimekaa. Na kama gari liligongwa nyuma likanyooshwa, anza kuyashuku maungio upande ule. Dalili ni rangi inayotofautiana kidogo, au silanti ya ndani ya buti iliyopakwa kwa kidole upande mmoja huku upande wa pili ikiwa imenyooka kama ya kiwandani. Langu lilikuwa hivyo hasa, na aliyeniuzia aliniapia halijawahi kuguswa. Haya.

Sasa kuziba. Taa ya kushoto tuliitoa: tulichomoa kwanza soketi ya umeme, tukafungua nati, tukaivuta moja kwa moja kurudi nyuma. Ile sponji inayokaa kati ya taa na bodi ilikuwa imekauka na kulala kama chapati ya jana, na nati moja ilikuwa haijakazwa kabisa, inazunguka kwa kidole. Tukabandua sponji yote, tukasafisha bati na taa kwa spiriti, tukaacha ikauke. Badala ya sponji ya asili nilipata ile gundi nyeusi inayokuja kama kamba, laini kama bigijii, haikauki ikawa ngumu. Mafundi wanaofunga taa na vioo wanayo. Unaizungusha nyuma ya taa bila kuacha pengo, miisho yake ipandane kidogo, kisha unarudisha taa na kukaza nati kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, mpaka gundi ibinywe sawasawa. Usikaze kwa hasira. Plastiki ya taa ikipasuka umejiongezea tundu na gharama ya taa nzima.

Maungio ya juu yalikuwa na kazi zaidi. Silanti ya zamani ilikuwa imepasuka na chini yake kutu imeanza. Ukipaka juu ya kutu unajidanganya, kutu inaendelea kula chini kwa chini na kile ulichopaka kinabanduka nayo. Tukakwangua yote, tukapiga msasa mpaka bati ikang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukasubiri ikauke, ndipo tukapaka silanti ya bodi za magari na kuilaza kwa kidole chenye glavu. Juu yake rangi. Gari halikuguswa na maji mpaka silanti ikakauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Siku hiyo anga lilikuwa zito, tukalifunika turubai.

Kuhusu silikoni ya dukani, ile ya mabomba ya bafuni: ina matatizo mawili. Ile yenye harufu kali kama siki inatoa asidi inapokauka, na asidi kwenye bati tupu inaita kutu. Halafu rangi haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo siku ukitaka kutengeneza vizuri, fundi atatumia saa nzima kukwangua ya mwenzake. Yule fundi wangu wa kwanza aliziba kuzunguka mlango wote, sehemu ambazo hazikuwa na kosa, na akafunika mchirizi ambao ungetuonyesha njia mapema.

Jambo lingine utakaloambiwa mitaani ni "toa kizibo cha chini maji yatoke yenyewe". Kwenye shimo la tairi la spea mara nyingi kuna kizibo cha raba, na ndiyo, unaweza kukitoa ili kumwaga dimbwi. Ila kirudishe. Ukiacha wazi, maji ya barabarani yatapanda, vumbi litaingia kwenye mzigo, na moshi wa gari lako mwenyewe unaweza kuvutwa ndani mnapoendesha. Mwenzangu wa viatu alikuwa anaumwa kichwa kila akitoka safari ndefu. Kumbe alitoboa matundu mawili kwa drili ili maji yatoke. Tulimwambia ayazibe kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme nao usiupuuze. Kwenye buti kuna waya za taa, wakati mwingine na betri. Ukiona soketi ina ukijani au ukungu mweupe, chomoa waya wa hasi wa betri kabla hujaigusa. Na wenye magari ya haibridi, kama Prius: mara nyingi betri ndogo iko kwenye buti na betri kubwa iko nyuma ya kiti. Ukikuta maji karibu na hapo, au waya za rangi ya chungwa zimelowa, usifungue chochote, mpigie fundi wa haibridi.

Ukishaziba, pima tena kwa mpira wa maji uleule, kwa utaratibu uleule, kabla hujarudisha maplastiki. Wengi wanarudisha kila kitu kwa furaha halafu wanasubiri mvua iwape majibu juu ya mzigo wa mteja.

Kapeti ikauke juani, siyo ndani ya gari. Ya kwangu ilikuwa na sponji nene chini, juu ilikauka kwa saa mbili lakini sponji ilichukua siku mbili na nusu. Ukiminya kwa nguvu ukaona unyevu, bado. Ukungu niliupiga brashi nje, nikafuta kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikaianika tena. Kikapu cha mkaa kinapunguza harufu kidogo, hakikaushi kitu. Harufu hii ni ya hatari kwetu sisi wa nguo kuliko hata doa, kwa sababu wewe umeizoea huisikii. Mteja anafungua mfuko, anasikia uvundo, anajua umemuuzia mtumba kwa bei ya dukani. Mwombe mtu ambaye hapandi gari lako anuse.

Zile seti tatu, kama unajiuliza: shuka zilikuwa nyeupe, za pamba. Doa la kutu usilitie jiki, linazidi kung'ang'ania. Nilitumia limau na chumvi, nikaanika juani, nikafua, mara mbili. Seti mbili zilitoka zikabaki na kivuli hafifu. Nikazipiga picha kivuli kikionekana, nikaandika ukweli wake, nikauza 30,000 kila moja. Ya tatu naitumia mwenyewe.

Siku hizi mzigo haulali kwenye gari, mvua au kiangazi. Ninaposafirisha naweka kwenye makontena mawili ya plastiki yenye mfuniko, na chini ya kontena kuna mbao mbili nyembamba ili hewa ipite. Kabla ya kupakia naingiza kiganja chini ya kapeti, pembe zote nne. Ni sekunde kumi. Na kwenye bati, chini ya kila taa, nimebandika kipande cha tishu ambacho nakikagua mara moja kwa wiki.

Yule mama wa kamati alinitafuta tena mwezi wa nane, anataka mapazia ya sebuleni kwake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Lile gari lako limepona?" Nikamtumia picha ya tishu kavu badala ya maneno, akanitumia nusu ya pesa.

Vuli imeanza wiki hii. Jana nimefunua: kushoto pakavu kabisa. Kulia, tishu ya chini ya taa ina unyevu pembeni, kidogo tu, na sponji ya taa ile ina umri sawa na ile tuliyoibandua. Kamba ya gundi ilibaki robo tatu. Jumamosi naitoa taa ya kulia.